Vibati vya Philbert

Fuso ya Timotheo ilikuwa imeshaipita Uyole, matenga matupu ya nyanya yakigongana huko nyuma, ndipo Ezron alipoitazama miguu yake akaona amevaa viatu viwili visivyofanana.

"Usijali, mzee," Timotheo akamwambia bila kuacha kutazama barabara. "Msibani hakuna atakayekutazama miguu. Watakutazama hilo gitaa."

Gitaa lilikuwa katikati ya magoti yake, limefungwa kwenye shuka. Ezron hakuwa na hakika kwa nini amelichukua. Aliona tu kwamba mpiga ligombo, ala ile ya nyuzi ya Wahehe, hazikwi na rafiki aliyekuja mikono mitupu.

Habari ilimfikia jana yake, Ijumaa jioni, akiwa nyumbani kwake Soweto, mjini Mbeya, anapepeta mchele. Aliyepiga simu ni Dastan, mtoto wa mdogo wake Philbert, anayefanya kazi Iringa mjini. "Baba," alisema, "baba mkubwa Philbert hatunaye. Watu wameshajaa nyumbani Kilolo. Ndio nimeambiwa sasa hivi." Simu ikakatika. Ezron akapiga namba ya Philbert mwenyewe, kama vile maiti atapokea, akaambiwa na yule mama wa mtandao kwamba haipatikani. Alfajiri akampata Timotheo anarudisha matenga Ilula, akapanda.

Kufa ni kufa, na Philbert alikuwa na miaka sabini na mmoja. Kilichomsumbua Ezron si kifo. Ni neno la mwisho alilomwambia mwenzake, na neno lenyewe lilikuwa "ushamba."

Walijuana miaka thelathini. Ezron alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, na muziki aliupata kwa kanda za kaseti zilizokuja na treni kutoka Zambia, zile za magitaa mazito, hevi metali yenyewe. Alijiundia gitaa, akanunua kimashine cha kukwaruza sauti, akaanzisha bendi iliyowatoa watu ukumbini kwa makundi. Mtu mmoja tu hakutoka. Alikuwa Mhehe mwembamba mwenye blanketi begani, na ndani ya blanketi mlikuwa na ligombo: ubao uliochimbwa kama mtumbwi mdogo, waya mmoja umepita juu yake kwenda na kurudi, na kibuyu cha kukuzia sauti. Mdomoni mwa kibuyu alikuwa amefunga vibati vidogo, na kila alipogusa waya vibati vilivuma kama nyuki waliochokozwa. "Na mimi langu linakwaruza," alimwambia Ezron. "Tena halitumii umeme." Tangu siku hiyo wakawa wanatembeleana, huyu anapanda na ndizi, yule anashuka na ulanzi, na kutukanana ndiko kulikuwa salamu yao.

Kutoa wimbo mpya, lakini, Ezron alikuwa hajatoa kwa miaka kumi na tisa. Bendi ilikwisha, wenzake wengine wakafa, wengine wakaokoka. Mwaka huu ndipo alipotokea Joyness, msichana fundi wa sauti. Alikuwa anatafuta muziki wa tamthilia ya kisayansi, jina lake *Usangu ya Pili*. Ni hadithi ya watu wa Usangu waliohamia kwenye sayari nyingine na kulima mpunga chini ya paa la kioo. Chombo chenyewe cha angani kilipigwa picha ndani ya mashine ya kukoboa mpunga Rujewa, wakaweka taa za bluu, na kweli ukitazama unasema hawa wameondoka duniani. Joyness alitaka gitaa zito na ligombo pamoja. Ezron alilia kidogo, halafu akampigia Philbert.

Walirekodi siku tatu Mbeya. Siku ya tatu Joyness akasema kwa adabu, "Babu, hivyo vibati tuvifungue. Kwenye televisheni za watu mvumo huo utasikika kama spika imechanika. Halafu angani kuko kimya."

"Visiguswe," Philbert akajibu.

"Kwa nini, babu?"

"Nimesema visiguswe."

Ezron akaona kazi inaponyoka. Miaka kumi na tisa, na sasa inaponyoka kwa ajili ya vipande vya bati. "Philbert, acha ushamba," akasema. Mbele ya yule msichana.

Philbert akainuka. Alilifunga ligombo kwenye blanketi, akaenda stendi. Naye Ezron akamgeukia Joyness: "Kompyuta yako haiwezi kuvitoa yenyewe?" Iliweza. Nusu saa tu, na ligombo likabaki safi kama maji ya mtungini.

Hiyo ilikuwa wiki mbili nyuma. Alhamisi tangazo la tamthilia lilirushwa baada ya taarifa ya habari, likiwa na sauti hiyo safi. Jumapili saa mbili usiku kingeanza kipindi cha kwanza. Ezron alikuwa amejiambia kwamba Philbert akikiona atapoa, na yeye atampigia amwombe radhi. Mambo ya kuahirisha ndiyo hayo.

Alishuka Ipogolo, akachukua bodaboda, wakapanda Kilolo kwenye ukungu uliokuwa haujaachia milima ingawa ilishakuwa saa nane. Turubai lilionekana kutoka mbali. Wanaume walikuwa wamezunguka moto, wanawake wamekaa kwenye mikeka. Walipomwona na gitaa, kilio kikaanza upya.

"Kamwene," akawasalimu, na sauti ikakatikia hapo. Alilia kama mtoto. Mzee mmoja akamshika mkono, akampeleka kwa Tekla, mke wa Philbert, aliyekaa mlangoni macho makavu.

"Pole, shemeji," Ezron akasema. "Pole sana. Amelazwa wapi nikamwone?"

Tekla akainua uso. "Mimi nilikuwa nakungoja wewe uniambie, shemeji."

"Nikuambie nini?"

"Alipo. Si wewe ndiye uliyempigia ligombo kwenye televisheni?"

Ezron hakuelewa. Akatazama huku na huku akitafuta jeneza, akitafuta mtu wa kumweleza, na aliyejitokeza ni Faustina, dada mkubwa wa Philbert, bibi wa miaka themanini anayetembelea fimbo mbili.

"Kaa chini, Mnyakyusa," Faustina akasema. "Nitakueleza polepole, maana naona hujui. Kwetu sisi, ukoo huu, mpiga ligombo akifa, kabla hajatolewa ndani, ndugu yake anavikata vile vibati. Halafu analipiga ligombo hivyo hivyo, bubu. Aliye mlima wa pili akisikia ligombo halivumi, anaweka jembe chini anakuja. Baba yetu alipokufa nilivikata mimi, kwa mkono huu. Sasa Alhamisi niko kwa jirani tunatazama televisheni, nasikia ligombo la mdogo wangu. Kibuyu chake nakijua, nilikilima mwenyewe. Nasikia halivumi. Nikaweka sahani chini. Nikauliza, nani kamkatia Philbert vibati?"

Alikuwa amekuja usiku ule ule, na nyuma yake mlima mzima. Tekla aliwaambia kwamba Philbert ameenda Pawaga tangu Jumanne kwenye harusi ya mtoto wa ubatizo, na ligombo lake amelibeba. Lakini alipaswa kurudi Alhamisi. Na simu yake haikupatikana. Ilipofika Ijumaa watu wameleta unga na maharage na kuni, na wote wanamwambia pole, mwanamke akaanza kuamini kwamba wao wanajua jambo ambalo yeye hajaambiwa. Ndivyo habari ilivyomfikia Dastan mjini, na Dastan akaipeleka Mbeya.

Ezron akaliweka gitaa chini.

"Dada," akasema. "Shemeji. Nisikilizeni. Hakuna aliyekufa kwenye ule wimbo. Vibati nimevitoa mimi. Alikataa, akaondoka, mimi nikaagiza vitolewe. Kwa kompyuta."

Mzee mmoja pale kwenye moto akauliza, kwa upole kabisa, "Kwa hiyo kompyuta ikiwa Mbeya inaweza kumwua mtu wa Kilolo?"

"Inaelekea imeweza," mwingine akajibu. "Unga si huu hapa."

Wawili watatu walicheka kwa pua. Tekla hakucheka. "Sawa," akasema. "Umevitoa wewe. Basi mume wangu yuko wapi?"

Vijana wawili walikuwa wametumwa Pawaga asubuhi, hawajapiga simu. Mtu anaweza kufa njiani hata kama ligombo limekosewa. Kwa hiyo msiba haukuvunjwa na haukuendelea. Watu walikaa tu, wanachochea moto, na Ezron akakaa nao huku akihesabu nafsini maneno ambayo angeyasema kama angepewa dakika moja. Hayakuwa mengi.

Saa kumi kasoro ikapanda bodaboda. Nyuma ya dereva kulikuwa na blanketi, na juu ya blanketi kichwa chembamba cha Philbert.

Philbert aliliona turubai. Akaona moto, akaona mikeka, akamwona dada yake na fimbo zake mbili. Hakungoja pikipiki isimame. Aliruka, akaanguka, akainuka, akaja anakimbia na mikono kichwani: "Tekla wangu. Jamani, Tekla wangu. Nimechelewa kwa ajili ya harusi ya watu." Aliwapita wote, macho yamejaa machozi, haoni mtu. Walimpisha.

Akafika mlangoni.

"Tekla," akaita kule ndani.

"Abee," Tekla akaitika pembeni yake, kama anavyoitika siku zote.

Philbert akageuka. Wakatazamana hivyo, yeye akihema, mke wake akiwa ameshika mwiko.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Wewe," Tekla akasema. Na hapo ndipo alipolia.

Kilichofuata hakielezeki kwa mpangilio. Walikuwepo waliocheka, waliopiga vigelegele, waliokimbia kabisa. Faustina alimpiga Philbert mgongoni kwa fimbo mara mbili, taratibu, kuhakikisha. Philbert akaeleza kwamba simu ilitumbukia kwenye mfereji wa mpunga, na kwamba watu wa Pawaga ukiwapigia ligombo siku moja wanakudai ya pili na ya tatu. Vijana waliotumwa walipishana naye njiani. Kisha akaelezwa yeye. Alisikiliza hadi mwisho, akafuta uso, akamfuata Ezron aliyekuwa bado amekaa.

"Umenizika, bwana."

"Nimekuzika," Ezron akasema. "Na nilikuita mshamba."

"Mimi ni mshamba. Nina ekari tatu na nusu. Hilo halikuniuma." Akakaa karibu yake. "Kilichoniuma ni kwamba miaka thelathini unaitesa sauti ya gitaa kwa kimashine, watu wakilalamika unawaambia ndio muziki. Halafu mimi, vibati vilivyotoka paa la baba yangu, unaniambia uchafu."

"Ungenieleza maana yake."

"Nieleze kifo changu studio, mbele ya mtoto wa watu? Wewe kwenu mnafanyaje?"

Ezron akafikiri. "Hata kwetu hatusemi."

"Basi."

"Nisamehe, Philbert."

"Nimekusamehe tangu stendi. Nilikuwa nakusubiri tu uombe." Akaitazama shuka ya gitaa. "Na hilo ulikuja kunipigia nini? Zile kelele zako? Mimi ni maiti wa Kilutheri."

Wakacheka, wale wawili kwanza, halafu moto mzima. Ezron alihisi kifua kinafunguka kama mtu aliyetua gunia asilojua amelibeba.

Akampigia Joyness, akamweleza. Msichana akasema, "Mzee, rekodi ya mwanzo ninayo. Sifuti kitu. Nairudisha leo, kesho itasikika na vibati vyake. Spika zichanike."

"Hiyo haitoshi," Faustina akasema. "Wale wa milima ya mbali watasema ni ya zamani, ya alipokuwa hai. Apige mpya, awataje majina."

Basi wakapiga pale pale uani. Dastan, aliyekuwa amefika kutoka mjini na suti nyeusi, akashika simu kurekodi. Sauti ya gitaa ilikuwa juu, ya ligombo iko chini. Kule Mbeya Ezron alimlazimisha Philbert apandishe waya. Safari hii alishika vigingi vya gitaa lake mwenyewe, akalegeza nyuzi moja moja, akashuka hadi walipokutana. Philbert akawasalimu kwa wimbo wote waliokuja kumzika, mlima kwa mlima, vibati vikivuma, na gitaa likanguruma chini yake bila kimashine chochote.

Rambirambi hairudishwi, kwa hiyo unga na maharage vilipikwa vyote, watu wakala hadi giza likaingia.

Kipindi cha kwanza kilirushwa Jumapili kikiwa na rekodi ya mwanzo. Wimbo wa uani uliingia kipindi cha pili, pale watu wa Usangu wanapovuna mpunga wao wa kwanza angani. Watazamaji kadhaa walipeleka televisheni zao kwa fundi, wakaambiwa hazina tatizo. *Usangu ya Pili* ilidumu msimu mmoja. Joyness alihamia Dodoma na anafanya kazi redioni. Dastan ameoa. Faustina alifariki mwaka uliofuata, akiwa usingizini. Timotheo ameuza Fuso na analima nyanya Ilula. Ezron na Philbert wametoa nyimbo saba nyingine. Philbert yuko hai, Tekla pia, na amemnunulia mumewe simu isiyoingia maji. Ezron anaishi bado Soweto, na kila mwezi wa saba hupanda Kilolo kwa rafiki yake.