Sauti ya Ng'washi

Ng'washi alilipa kiingilio kama watu wengine, akaketi nyuma ya ukumbi. Mchezo wa nyimbo alioucheza mwaka sabini na nne na kikundi cha kiwanda cha pamba ulikuwa umefufuliwa, na nafasi yake alipewa nyota kutoka Dar. Binti huyo akapanda jukwaani, akafungua mdomo, ukumbi mzima ukalipuka kwa vigelegele.

Damu ikamchemka Ng'washi. Sauti ile ilikuwa yake! Walikuwa wamepiga kanda yake ya zamani, na binti anachezesha midomo tu, bila haya wala soni.

"Sikia sauti hiyo!" alisema mwanamke aliyeketi kando yake. "Nyie wa zamani mngeiweza?"

Mara kanda ikakwama. Nyota akabaki ameachama. Ng'washi akasimama, akaudaka wimbo palepale ulipokatikia. Kwenye ngoma za Kisukuma watu humgeukia anayeimba vizuri zaidi, wakamwacha mwingine peke yake. Akaimba, akingoja wageuke.

Waligeuka kweli, wamekunja nyuso.

"Mama, kaa chini!" jirani akamvuta kanga. "Unamharibia mwenzio wimbo wake."