Katekista Asiyetaka Kuhama

Mwaka ule wa Operesheni Vijiji, sisi wa kando ya Ruvuma tulihamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Madimba. Tulihama sote isipokuwa mume wangu, Jasinto. Yeye ni katekista, akasema lazima abaki alinde kanisa. Alilinde dhidi ya nani, nyani? Waumini wote tulikuwa huku tunakandika udongo.

Nyumba yangu ilifika kwenye boriti ikakwama. Mvua ilikuwa imeshaanza kunguruma, mwanangu Anna ana homa, na juu yetu palikuwa na mikeka miwili tu. Jasinto akatuma salamu. Akatuma tena salamu. Jirani yangu Zuhura akaniuliza, “Mama Anna, hizo salamu zinaezekea nyumba?” Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nachemka.

Jumapili kabla ya Krismasi akaja na baiskeli, shati jeupe pee, akatukusanya kwenye kivuli cha mkorosho atufundishe. Mungu, akasema, hakuridhika kutuma manabii. Alikuja mwenyewe, akawa mtu, akalala tunapolala, akaona njaa, akachomwa na miiba. Alisema vizuri hasa, mpaka machozi yakamlengalenga. Kisha akatazama mawingu, akaniomba chakula upesi ili awahi kurudi.

Uvumilivu ukaniishia.

“Baba Anna, Mungu ametoka mbinguni akafika. Wewe kuhama Ruvuma tu umeshindwa?”

Watu wakainamisha vichwa. Jasinto alishika baiskeli yake akaondoka bila kula, nami nikaogopa kwamba safari hii hata salamu hazitakuja.

Kesho yake alasiri nikamwona anasukuma baiskeli kwenye tope, kaibebesha mabati aliyoyang'oa kanisani. Akapanda juu na nyundo, mvua ikamkuta hukohuko. Akajigonga kidole, akapiga yowe la mtoto mdogo. Bado nilikuwa na hasira, lakini nilimshikia ngazi.

Hajamaliza, waumini hao mlangoni, wamelowa chapachapa.

“Mwalimu, kanisa umeliezua. Krismasi tutasalia wapi?”

Jasinto, misumari mdomoni, akaonyesha kidole chini, kwenye chumba changu, ambamo Anna ndiyo kwanza alikuwa amepata usingizi.

Nilitaka kupiga kelele. Mimi niliomba mume mmoja tu aje akae nasi, na sasa kanisa zima lilikuwa linapangusa matope miguuni mlangoni pangu.