Kikatuni cha Mwalimu na Mkasi

Fundi cherehani hakujua kusoma, na siri hiyo aliijua mkewe tu. Wateja walidhani anaandika vipimo daftarini. Kumbe anachora: duara ni kifua, mstari ni kiuno. Mkewe, mwalimu wa darasa la kwanza, alimtania miaka thelathini: "Watoto wa watu nawafungua macho, mume wangu kanigomea!"

Simu zilipoingia, wakapatana. Kila asubuhi akifika shuleni, mwalimu alimtumia kile kikatuni cha simu chenye mwanamke aliyesimama mbele ya ubao: nimefika salama. Fundi akajibu kwa kikatuni cha mkasi: nami nimefungua duka. Kwenye kundi la familia watoto wao walicheka, "Baba naye, mvivu wa kuandika!" Akajikausha, akawatumia mkasi.

Hata mwalimu alipougua akalazwa, kikatuni kilikuja kila asubuhi. Siku ya mwisho yakaja maneno, mistari minne. Fundi akajibu mkasi kwa mazoea, kisha akagundua kikatuni hakipo, akakimbilia hospitali. Akakuta kitanda kimeshatandikwa.

Baada ya mazishi, wiki tatu aliikodolea macho ile mistari. Kumwomba mtu amsomee aliona ni kama kuvuliwa nguo sokoni. Vitambaa vya watu vikalundikana juu ya cherehani, mpaka binti yake akaja dukani.

"Baba, sare za watoto je?"

"Zitashonwa."

"Lini? Hata uzi hujatunga!"

Fundi akamsukumia simu. "Nisomee."

"Miwani umeweka wapi?"

"Miwani ya nini, mama? Sijui kusoma. Sijawahi kujua."

Binti akaivuta simu. Akasoma:

"Mume wangu, mimi sirudi nyumbani. Kikatuni leo sikitumi makusudi. Anayekusomea ni binti yetu, kwa hiyo umeshamwambia. Umeona, aibu haijakuua. Mwache akufundishe, mbishi wewe."

Fundi alikuwa akiukunja na kuukunjua utepe wa kupimia.

"Aliniaga," akasema. "Mama yako aliniaga, nami nikamjibu nimefungua duka."

Binti akafuta macho kwa kiganja, akachukua chaki ya kukatia, akaandika herufi moja kubwa juu ya kitambaa cheusi kilichokuwa mezani.

"Hicho cha watu," fundi akalalama.

"Kitapanguswa. Haya, Baba, sema nami: a."