Nusu ya Tofali

Salome binti Matayo alikuwa na miaka ishirini na mbili alipogundua kwamba pesa ina masikio. Ikiwa mfukoni, mwenye shida yeyote akiita, inaitika. Alikuwa amekaa mwaka mzima katika kibanda cha wakala wa pesa za simu pale Manundu, mjini Korogwe, akiwawekea watu na kuwatolea, na mshahara wake mwenyewe haukuwahi kumaliza juma mkononi mwake. Leo baba yake anataka ya kahawa, na kijiji chao kizima cha Mnyuzi kilijua kwamba kahawa hiyo hutengenezwa kwa miwa. Kesho baba yake mdogo, Kaleb, anapiga simu kutoka Handeni kwamba tairi la pikipiki limepasuka. Keshokutwa ni mchango wa harusi ya mtu ambaye Salome hajapata kumwona hata kwenye picha.

Basi akaamua kuweka akiba katika kitu kiziwi. Kila mwisho wa mwezi, kabla hajanunua hata sabuni, alipita kwa mzee Semboja, Mzigua aliyekuwa akichoma matofali bondeni Mnyuzi, akalipia fungu lake. Kiwanja nacho alikilipia polepole, kipande kidogo karibu na reli. Chumba kimoja na kibaraza, hayo tu ndiyo aliyokuwa akiyatafuta duniani: mlango ambao ufunguo wake angeushika yeye.

"Mwanangu, yaache hapa tanurini," Semboja alimwambia siku ya kwanza. "Tofali likiwa kwangu ni lako. Likifika kwenu ni la ukoo."

"Mzee, kati yako na baba yangu mzazi, nimwamini nani zaidi?"

Semboja alicheka mpaka moshi ukampalia. "Mimi nikila tofali lako nitaitwa mwizi. Baba yako ataitwa nani?"

Salome hakumsikiliza. Aliyapanga matofali yake nyuma ya jiko la nyumbani, katika uwanja ambao babu yake aliupata baada ya kuchoka kukata mkonge wa watu, akayafunika kwa majani makavu. Kila mwezi rundo lilipanda, na kila lilipopanda ulimi wa Matayo ulizidi kunoleka.

"Salome, umewapa chai wageni wako?" angeuliza asubuhi, akiwa amekaa kizingitini. "Maana hawa wageni wanapendwa. Mimi niliyekuzaa nanywa maji matupu, wao wamejengewa paa la majani."

"Baba, chai ipo kwenye chupa."

"Ya sukari?"

"Ya sukari."

"Basi wapelekee wao. Mimi sijazoea."

Alijifunza kutojibu. Alijifunza pia kusema "sina" bila kutazama chini, na hiyo ni elimu ngumu kuliko ya darasani. Wenzake pale Manundu walibadilisha simu. Yeye ya kwake aliifunga mpira. Walimwita bahili, wakamwita bibi kizee. Alicheka nao, na jioni akapita kwa Semboja.

Mwaka wa tatu Matayo akaanza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Salome alimpeleka hospitali, akalipia vipimo, akanunua dawa, na kila mwezi akanunua nyingine. Lakini Matayo alikuwa amesikia habari za mganga mmoja huko Misima, na mganga huyo alitaka fedha nyingi taslimu.

"Uza wageni wako," akasema.

"Baba, daktari amesema dawa hizi ndizo dawa. Uzimeze, na ile kahawa uiache."

"Sikukuuliza daktari kasema nini. Nakuuliza, mimi na tofali, nani baba yako?"

Salome aliingia ndani akamletea maji ya kumezea dawa. Matayo alizitema. Mwezi wa nne wa ubishi huo alikufa, katika wodi ya hospitali, uso wake ukiwa umeelekea ukutani.

Kaleb alifika kutoka Handeni siku hiyohiyo na mkewe Yuditha, akajifanya mwenyekiti wa kamati ya mazishi kabla hajavua viatu. Alikuwa na sauti ya kuendesha mnada. Rambirambi ziliingia mkononi mwake, na mkononi mwake zikageuka turubai, spika, ng'ombe, na fulana zenye picha ya marehemu akitabasamu, jambo ambalo marehemu hakulifanya mara nyingi. Salome alitumwa Korogwe kushughulikia mwili mochwari, akakaa huko kutwa, akalala kwa rafiki yake, na kesho yake mchana akarudi ndani ya gari pamoja na jeneza.

Gari lilipoingia uwanjani, watu wote walitazama jeneza. Salome alitazama nyuma ya jiko.

Majani makavu yalikuwa yametupwa pembeni. Mahali pa rundo palibaki alama ya mraba, udongo mbichi wenye jongoo. Matofali machache yalikuwa yamegeuzwa mafiga ya masufuria ya pilau. Mpishi alikuwa akizima moto kwa kuyamwagia maji, nayo yakipasuka moja baada ya jingine, pa, pa. Mengine walikuwa wameyakalia wazee waliokosa viti. Yaliyosalia, rundo zima la jasho lake, yalikuwa kaburini. Fundi alikuwa amejenga kuta ndani ya shimo, akapandisha juu ya ardhi kimo cha goti, akapiga lipu na kuacha hata mahali pa maua. Kwa kweli lilikuwa kaburi zuri. Mnyuzi nzima hapakuwa na chumba kilichojengwa kwa unyoofu ule.

Baada ya mchungaji kumaliza, Kaleb alishika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, mwanetu Salome alikuwa akikusanya matofali haya kimyakimya. Tulimsema. Tulimwita bahili. Kumbe alikuwa anamwandalia baba yake nyumba ya milele! Salome, mama, njoo uweke shada la kwanza."

Wanawake walipiga vigelegele vya machozi. Salome alisukumwa mbele, shada likawekwa mikononi mwake, kipaza sauti kikaletwa mdomoni.

"Sikutoa," akasema. "Mmechukua."

Sauti yake ilitoka kwenye spika zote mbili, ikaenda mpaka relini. Kaleb hakuhangaika, alikirudisha kipaza sauti kwake taratibu, kama anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Uchungu," akasema. "Uchungu wa mwana, ndugu zangu. Kwaya!"

Kwaya ikaimba.

Jioni, watu walipopungua, Salome alimfuata nyuma ya jiko. "Baba mdogo, nitajenga kwa nini sasa?"

"Ujenge nini, na wapi? Wewe utaolewa." Kaleb alikuwa akichokoa nyama kwenye meno. "Tena unishukuru. Ulimnyima mzee akiwa hai. Tumekusaidia umpe akiwa amekufa. Laana hiyo nimekuondolea mimi."

Neno hilo ndilo lililomuuma Salome kuliko matofali, kwa sababu lilikuwa limekwisha kupita akilini mwake kabla Kaleb hajalisema.

Hawakungoja hata arobaini. Kaleb alisema amechoka kulipa kodi Handeni, na nyumba ni ya ukoo, na binti ni mpita njia. Vyombo vya Salome vilitolewa uani katika beseni moja. Yuditha alibakiza sufuria kubwa.

Alipanga chumba mjini, chenye ukuta wa kushirikiana na watu waliogombana kila siku. Mwisho wa mwezi alishuka kwa Semboja. Mzee yule hakusema "nilikuambia". Alimwonyesha kona ya tanuri, akachora alama kwa mkaa. "Hapa ni kwako," akasema. Salome akaanza tena kutoka tofali la kwanza. "Sina" yake sasa haikuwa na samahani ndani yake. Mama mmoja aliyefiwa na mtoto alipita kibandani kuomba mchango. Salome alimjibu neno lilelile, kwa sauti ileile, akaendelea kuhesabu pesa za watu.

Miaka miwili ikapita. Msingi ulikuwa umesimama karibu na reli, na kuta zilikuwa zimefika kimo cha dirisha, Kaleb alipopiga simu. Sauti ya mnada ilikuwa imekwisha, ilibaki pumzi. Miguu imevimba, alisema. Madeni yamemfika shingoni. "Njoo, mwanangu. Ila usije mikono mitupu."

"Sitakuja mikono mitupu, baba mdogo."

Alimkuta kalala katika kitanda cha Matayo, uso umeelekea mlangoni, macho kwenye mfuko aliobeba.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Umeleta?"

"Nimeleta."

Akafungua mfuko, akatoa tofali moja la kuchoma, jekundu, zuri, akaliweka juu ya shuka, karibu na mkono wa mgonjwa.

"Hili la kwanza nakupa mimi. Mengine utajiwekea mwenyewe, kidogo kidogo, kila mwezi. Hujachelewa."

Kaleb aliligusa kwa vidole, kama kipofu anayepapasa uso wa mtu. Kisha alielewa, akauvuta mkono wake chini ya shuka.

Yuditha ndiye aliyepiga kelele. "Mchawi! Mwana haramu!" Alilinyakua tofali, akalirusha kumfuata Salome mlangoni. Lilimkosa, likagonga kizingiti ambapo Matayo alizoea kukaa, likakatika vipande viwili.

Salome alisimama. Aliinama akaokota nusu moja, akapangusa vumbi, kisha akaokota na ya pili, akazirudisha mfukoni. Pembeni mwa dirisha fundi hatumii matofali mazima tu. Huhitaji nusu.