Orodha Isiyo na Kichwa

Dole gumba la Nyanzala lilikwishalowa wino, lakini halikushuka kwenye karatasi. Lilibaki hewani, jeusi, huku macho ya mwenyewe yakitambaa juu ya ukurasa asioweza kuusoma.

"Mwanangu, huku juu mbona peupe?"

"Maelezo yako karatasi ya kwanza, mayu," nilisema, nikimwita mama kwa Kisukuma chake.

"Ya kwanza umenisomea. Na hii nayo nisomee."

Niliitazama tena. Palikuwa na mistari na safu tatu tu: jina, kitongoji, sahihi.

Wakati huo diploma yangu ya utunzaji kumbukumbu ilikuwa imelala sandukuni mwaka mzima. Binamu yangu Danford ndiye aliyeniokota. Alikuwa mtendaji wa kijiji kimoja upande wa Majimoto, na papo hapo akisomea shahada ya uzamili ya utawala wa umma. Utafiti wake ulihusu ushiriki wa wananchi katika mikutano ya kijiji. Mimi nilizunguka na pikipiki, nikajaza madodoso, nikachukua sahihi za watu kwamba wameridhia kuhojiwa. Kwetu Kasokola hakuna aliyewahi kufika shahada hiyo. Mama alikwishanunua kitambaa cha mahafali.

Mpaka asubuhi ile nilikuwa na sahihi themanini na moja.

Niliondoka kwa Nyanzala bila dole lake, nimebeba swali lake. Ukurasa ule nilikuwa nimeuona mahali. Ndivyo zinavyochorwa karatasi za mahudhurio ya mkutano mkuu wa kijiji, zile zinazobanwa nyuma ya muhtasari. Ukiitoa pini inayozishika na maelezo ya utafiti, nani atajua zilitoka wapi? Na ukutani kwa Danford lilibandikwa tangazo la mkutano wa Ijumaa: kugawa upya eneo la malisho. Mkutano uliotangulia ulivunjika kwa kukosa akidi, maana wafugaji, kina Nyanzala, waliususa; sahihi hizi zingetosha kuwahesabu kuwa wamehudhuria.

Nilimkuta Danford ofisini akigonga mihuri.

"Kaka, ridhaa si kila mtu na fomu yake? Orodha ya nini?"

"Ya msimamizi wangu wa chuo. Anataka kujua niliongea na nani."

"Basi tuandike juu, kila ukurasa: ridhaa ya utafiti."

Nikamsogezea kalamu. Akacheka.

"Anayefanya masta hapa ni nani? Nyie wa diploma mna makuu. Lete karatasi."

Mkono ukanyooka, kiganja juu. Kalamu hakuigusa. Kuandika kungemchukua dakika tano.

Nikamwambia nimezisahau nilikofikia. Zilikuwa mgongoni mwangu, ndani ya begi, na nilihisi uzito wake kama mtoto aliyelala.

Siku mbili nilizirudisha, boma kwa boma. Kila mtu nilimkatia mstari wake kwa mkasi. Wengine walicheka, wengine waliutia mfukoni. Makoye, mtoto wa Nyanzala, aliugeuza wake mbele na nyuma.

"Na mwenye shule yake atasemaje?"

"Atasema mengi."

Ijumaa akidi haikutimia. Malisho yalibaki kama yalivyokuwa. Danford, kwa kukosa ridhaa, alirudishwa na chuo kuanza kukusanya taarifa upya, na mahafali yakapita bila yeye.

Tuliitwa Kasokola, sebuleni kwa mama. Danford akatoa simu, akatuonyesha ujumbe wa msimamizi wake: alete orodha ya washiriki. Niliusoma mara mbili. Ulikuwa wa kweli. Haukusema orodha iwe na kichwa, wala haukusema isiwe nacho.

"Umenihukumu kwa karatasi tupu," alisema kwa sauti ndogo, na macho yake yalikuwa mekundu. Huenda ni uchungu. Huenda ni vumbi la safari. Nilimchunguza uso mzima na sikupata jibu, na mpaka leo sijalipata.

"Muombe radhi kaka yako, yaishe," mama alisema. "Miaka miwili ya shule, mwanangu."

Wote walinisubiri. Nilimwambia mama nimemsikia. Kisha nikamgeukia Danford na kumwambia siombi radhi, leo wala kesho.