Fungu la Dharura

Mwaka ule wa 1986 mafuta yalipoporomoka bei, mimi nilikuwa dereva wa chuo kimoja cha serikali huku Ibra, Omani. Nimehangaika Tabora, Mombasa, Sur. Wezi nimewaona wa kila namna. Mwizi wa kilemba safi ndiye anayenitia kichefuchefu.

Chuo kikatangaza kuwa bweni la wasichana litafungwa, na mitihani imebaki mwezi. Marhoun, mkulima wa Dima wa Tayyin, akateremka milimani kumtetea binti yake Ghaniya. Kwao gari hupita siku likipenda. Bweni likifungwa, mtihani hana.

Nilikuwa namimina kahawa ofisini kwa Hamdun, mkuu wa chuo. Pembeni amekaa Abdullatif, mhasibu. Sisi watatu sote watoto wa Unguja.

Marhoun akasema kwa Kiarabu, taratibu: "Mimi wakili wa falaji, mfereji wa maji wa kijiji chetu. Kila mwaka sehemu ya maji tunaikodisha, pesa zake zinangoja siku mfereji utakapobomoka. Hesabu naisoma mbele ya watu, hata mwenye mtende mmoja. Nyie fungu la dharura hamna?"

"Lilikuwepo, sheikh," akajibu Hamdun. "Mafuta yameshuka. Dunia nzima inalia."

Kisha akamgeukia Abdullatif kwa Kiswahili, anatabasamu: "Zile riali elfu tatu za mazulia ya nyumbani kwangu umeziandika wapi?"

"Ukarabati wa bweni."

"Vyema. Mwache huyu mchunga mbuzi alie, atachoka."

Ndivyo walivyozoea. Lugha ya kuamkiana shikamoo wameifanya pazia la wizi. Na mimi miezi minane nimekaa nyuma ya pazia hilo, nimekula halua yao, kimya. Nilijiona uchafu.

Nikaweka birika chini. Nikamtafsiria Marhoun neno kwa neno, na la mchunga mbuzi pia.

"Mzee Nadhir," Abdullatif akaninong'oneza, "sisi ndugu zako, yakhe."

"Ndugu zangu hawali bweni."

Hamdun akanyoosha mkono, anataka funguo za gari. Nikampa. Nikatoka uani nikawaita wazazi wengine waliokuwa wakingoja. Wakajaa hadi mlangoni.

"Bweni halifungwi," Hamdun akasema upesi. "Nendeni zenu."

Pesa ambazo hazikuwepo, zimepatikana na mtu hata kitini hakunyanyuka.

Marhoun hakuondoka. "Alhamdulillahi," akasema. "Sasa tusomeeni daftari."

Abdullatif akalifunua, akaanza kusoma kwa kunong'ona.

"Juu kidogo," Marhoun akamwambia. "Wa nyuma hawasikii."