Kamera Isiyo na Sauti

Jovelyn alifuta magamba ya samaki mikononi, akaitoa simu kwenye mfuko wa nailoni amwone mwanawe. Badala ya mtoto yakatokea maandishi: watazamaji wamejaa, jaribu baadaye.

"Leo tena?" akauliza Corazon, jirani yake wa meza sokoni.

"Ukoo mzima umo humo, dada."

Alijilaumu. Hospitali ilipompa namba ya siri ya kamera iliyofungwa juu ya kitanda cha Isidro, mtoto wake njiti, aliirusha kwenye kundi la familia. Angewanyimaje? Sasa binamu aliyeko Dubai humtazama huku akipika, shangazi wa Hong Kong humtazama huku akipiga pasi nguo za tajiri wake, na mama mkwe anawakaripia wote waseme "pwera usog" wasije wakampiga mtoto jicho. Mama mzazi hana nafasi.

"Si uwatimue?"

"Nimewaomba watoke. Kila mmoja anasema aanze mwenzake."

Jioni, soko lilipofungwa, akaenda hospitali na maziwa aliyokamua, yamo kwenye chupa ndani ya barafu. Mlangoni mwa wodi ya njiti, mlinzi akaipokea chupa, akabaki ameziba mlango.

"Mama, tangu zije kamera wazazi wanaingia Jumapili tu. Ndio utaratibu."

"Namtaka mwanangu, kaka. Utaratibu kaa nao."

"Si unamwona kwenye simu? Manesi wenyewe hawatoshi. Mkijazana humo watafanya kazi saa ngapi? Halafu unanuka samaki."

"Nitanawa."

"Nenda kamtazame nyumbani, mama."

Akajaribu simu palepale. Safari hii ilikubali. Isidro alikuwa ameachama, uso umekunjamana, anarusharusha miguu. Alikuwa analia, na kamera haina sauti. Nyuma ya mlango walilia watoto kadhaa. Jovelyn akatega sikio, na moyo ukamuuma vibaya: hakujua yupi wake. Tangu azaliwe Isidro alikuwa na mpira wa kupumulia kooni, uliomzuia kutoa sauti. Wameutoa jana tu.

"Kaka, wangu yupi?"

Mlinzi akatazama pembeni. "Mimi nitajuaje?"

Jovelyn akakaza macho kwenye simu. Isidro akafumba mdomo kuvuta pumzi, na nyuma ya mlango kilio kimoja chenye mkwaruzo kikakatika. Akaachama. Kikarudi.

"Huyo!" Machozi yalimtoka naye anacheka. "Huyo mwenye mkwaruzo!"

"Haya, umeshamjua. Nenda kapumzike."

"Niende wapi, naye ananiita? Tazama hapa. Unaona mkono wa mtu yeyote unamgusa?"

Mlinzi akainama kuitazama simu. Jovelyn akampita ubavuni, akaanza kuugonga mlango kwa kiganja, macho yamo kwenye simu, akisubiri mkono wowote uingie kwenye picha. Haukuingia. Akagonga kwa nguvu zaidi.